Roma: ukitaka kuona uwanja wa magari ya farasi wenye kuta, nenda kwa Maxentius

Mleta mada, umesema una siku moja tu Roma, umeambiwa Circus Maximus, ule uwanja mkubwa wa mbio wa Warumi, ni nyasi tupu, na unauliza kama kuna uwanja wa mbio za magari ya farasi ambao kuta zake bado zimesimama. Upo, na mimi nimeufika mara mbili.

Kwanza, Circus Maximus usiipite. Ni kweli mawe yake yalishabebwa zamani, limebaki bonde. Lakini lina urefu wa zaidi ya mita 600, na inakadiriwa watazamaji 150,000 au zaidi walienea humo. Litembee jioni toka mwanzo hadi mwisho.

Asubuhi yako ipeleke Via Appia Antica, barabara ya kale ya Warumi, kwenye uwanja wa Maxentius, kaisari aliyeishika Roma kuanzia 306 hadi alipokufa 312. Ni mdogo zaidi, mita 500 na ushee, lakini umbo lote linaonekana. Mwanawe Romulus alifariki 309, na kaburi lake la mviringo liko papo hapo. Watu waliuita uwanja wa Caracalla, kaisari mwingine, hadi 1825, mwanaakiolojia Antonio Nibby alipochimba akakuta maandishi yenye jina la Romulus.

Anzia kwenye minara miwili upande wa magharibi. Katikati yake palikuwa na malango 12 ya kuanzia mbio, nayo hayakupangwa kwa mstari ulionyooka, yalifuata upinde. Kisha litazame tuta refu la katikati, ambalo magari yalilizunguka mara saba likiwa kushoto kwao: limekaa mshazari. Upande wa kulia, pale mbio zilipoanzia, njia ni pana, halafu inabana. Magari 12 yakitoka kwa pamoja yalihitaji nafasi hiyo, na kila mwendeshaji alipaswa kupata umbali sawa na mwenzake. Nilikuwa nimeona michoro yake, lakini nilielewa siku niliposimama pale.

Usiondoke kabla ya kuzisogelea kuta zilizobeba viti. Mafundi walizika mitungi mitupu ya udongo ndani ya zege ili dari iliyo chini ya viti iwe nyepesi. Dari ilishaanguka, mitungi imepasuka, na leo unaona matumbo yake wazi ukutani, mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Mitungi ya aina ile ndiyo watu walihifadhia mafuta na divai, na fundi mmoja akaona inafaa kuwa tofali.

Juu ya tuta palisimama mnara wa jiwe la Aswan, Misri, wenye maandishi ya Kimisri yanayomtaja kaisari Domitian. Sasa uko katika uwanja wa mjini wa Piazza Navona, juu ya chemchemi ya mchongaji Bernini iliyokamilika 1651. Upitie usiku. (Piazza Navona yenyewe ilikuwa uwanja wa riadha, si wa magari, hata kama utasikia watu wakisema vingine.)

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Jumatatu, nikakuta geti limefungwa, kwa hiyo epuka siku hiyo. Jumapili barabara huwa na magari machache na kutembea ni raha. Vaa viatu vigumu, maana yale mawe meusi ya Via Appia yanachosha nyayo, na beba maji.