Barua kwa mwanangu: jibini la Cheshire

Mwanangu, marahaba. Huku wote wazima, mama yako anakusalimia sana.

Sasa lile swali lako. Umesema ulienda kuangalia fataki za tarehe 4 Julai, sikukuu yao ya uhuru, ukajiuliza, hivi hawa Wamarekani mwanzoni walikuwa kitu kimoja halafu vyama ndo vikaja kuwagawa? Hapana mama, waligombana tangu mwanzo, na naamini ule ugomvi wenyewe ndo uliwazoesha kujiona taifa moja. Miaka ya 1790 kuna miji ilikuwa na sherehe mbili za siku hiyohiyo moja, Wafederali, wale waliotaka serikali kuu yenye nguvu, na maandamano yao, watu wa mpinzani wao Thomas Jefferson na ya kwao, kila upande unanyanyua glasi kwamba sisi ndo wenye Mapinduzi yaliyomng'oa Mwingereza, halafu magazeti yanachapa nani kasema nini, na sheria ya posta ya 1792 iliruhusu gazeti litumwe kwa senti moja au moja na nusu tu, kwahiyo mtu wa shamba huko anasoma karamu ya mji ambao hajawahi kuukanyaga na anajiona na yeye yumo.

Na kwa vile uko Massachusetts, ngoja nikupe habari ya Cheshire, mji mdogo wa hukohuko. Wabaptisti wa pale walichoshwa na sheria za jimbo zilizotoza watu kodi ya kuwalipa wachungaji wa kanisa kubwa, Jefferson alitetea uhuru wa dini, basi alipokuwa rais mwaka 1801 mchungaji wao John Leland akasema tumtengenezee jibini. Kila nyumba ikaleta maziwa yake yaliyogandishwa, wakayakandamiza kwenye mashine ya kukamulia matufaha, likatoka jibini la kilo kama 560, inasemekana ng'ombe wa Mfederali hata mmoja hakuruhusiwa. Likafika Washington, Jefferson akakabidhiwa tarehe 1 Januari 1802. Wakajivunia kwamba halikuguswa na mkono wa mtumwa, na wanamkabidhi mtu aliyemiliki mamia ya watumwa. Hapo huwa naumia kila nikisoma.

Halafu wale kina mama waliogandisha maziwa kura hawakuwa nayo, siasa yao iliishia jikoni. New Jersey ndo ilikuwa tofauti, katiba yao ya 1776 iliwapa kura wakazi wote wazima wenye mali ya pauni 50, kwahiyo wajane, wanawake wasioolewa na Weusi huru wenye mali walipiga kura, yaani walipiga kweli, mpaka 1807 bunge likawafungia likaacha wanaume weupe walipa kodi tu. Mwanaume mweupe maskini anafunguliwa mlango uleule ambao mjane anatolewa, na wakaliita hilo kusafisha uchaguzi. Usikubali mtu akwambie demokrasia yao ilikuwa inapanuka tu.

Cheshire kuna mnara wa ile mashine, ukienda nitumie picha.

Baba yako