Kwa nini Bach hakutunga muziki mwingi wa kanisa alipokuwa Köthen

Wapo wanaodai kwamba Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, alitunga muziki mchache wa kanisa alipokuwa Köthen, mji wa Ujerumani, kwa sababu imani yake ilipungua. Sababu kubwa ni madhehebu ya kasri alilotumikia huko, wala si kupungua kwa imani yake. Mtawala Leopold wa Anhalt-Köthen, aliyemwajiri Bach kuanzia 1717 hadi 1723, alikuwa Mkalvini, yaani Mprotestanti anayefuata mafundisho ya Yohane Calvin, na ibada ya Wakalvini wakati ule iliridhika na zaburi zilizoimbwa kwa namna nyepesi, bila okestra wala kantata (tungo za waimbaji na ala) ndefu. Kwa hiyo Bach, ambaye mwenyewe alibaki Mlutheri, hakutakiwa kutunga muziki wa ibada kama sehemu ya kazi yake. Hata hivyo Leopold alipenda muziki mno, akipiga ala yeye mwenyewe, na baadhi ya wapigaji wake mahiri walitoka Berlin baada ya mfalme mpya wa Prussia, aliyevutiwa na majeshi kuliko fidla, kuivunja okestra ya kasri lake mwaka 1713. Ndiyo maana miaka hiyo ilitawaliwa na muziki wa ala, na ndipo Bach alipokamilisha zile konseto sita (tungo za ala za okestra) alizomtunukia mwanamfalme Christian Ludwig wa Brandenburg mwaka 1721.

Alipohamia Leipzig mwaka 1723, mwajiri wake alikuwa baraza la mji wa Kilutheri, nayo kalenda ya kanisa ilidai kantata karibu kila Jumapili, isipokuwa sehemu kubwa ya Majilio na Kwaresima.

Izingatiwe tu kwamba hata Köthen alitunga kantata, ila nyingi kati ya zinazojulikana zilikuwa za kumpongeza mtawala katika siku yake ya kuzaliwa au Mwaka Mpya.