Niliswali istikhara huku jibu nimeshalibeba moyoni

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, leo usiku wa saba naswali istikhara. Posa inangoja jibu na sijaota chochote. Nifanyeje?" Istikhara ni swala ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye kheri unapotaka kuamua jambo, na wengi wetu hungoja jibu lake ndotoni. Nilikaa na ujumbe ule muda mrefu, kwa sababu mimi niliota, na ndoto ile ikanitia hasara.

Miaka sita iliyopita rafiki yangu wa karibu aliniomba tuungane biashara. Yeye alete wateja, mimi nilete mtaji. Nilitaka mno, hata rangi ya kibao cha mlangoni nilishaichagua kabla sijatia udhu. Mama aliniuliza neno moja tu: "Mmeandikiana?" Nikamjibu kwamba nimemwachia Mungu, naswali istikhara. Usiku wa tatu nikaota bustani ya kijani, maji yanapita chini yake. Niliamka nalia kwa furaha. Asubuhi nikatoa akiba yote.

Ya katikati siyaelezi. Mwaka na nusu baadaye fedha hakuna, rafiki hapokei simu, na karatasi ya kumdai sina. Hata leo tukikutana msibani salamu yake naiitikia, lakini kifua kinabana.

Kibaya zaidi, nilimnung'unikia Mungu: nilikuuliza, ukanijibu, mbona hivi? Ndipo nikarudi kuisoma dua yenyewe, ile iliyopokewa na Jabir bin Abdullah, sahaba wa Mtume, imo katika Sahihi Bukhari, kitabu cha hadithi. Rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua. Ndoto haikutajwa. Siku saba hazikutajwa. Unaomba kwamba jambo likiwa na kheri nawe katika dini yako, maisha yako na mwisho wa mambo yako, Mungu akukadirie na akurahisishie. Likiwa na shari, aliepushe nawe na wewe akuepushe nalo. Hapo pa "liepushe" ndipo nilipokuwa napita mbio. Ulimi ulisema liepushe, moyo ukasema hapana, usiliepushe.

Na swali la mama je? Siku hizi naamini lile ndilo lililokuwa jibu langu, limekuja na sauti ninayoijua tangu utotoni, nami nikalipuuza nikangoja bustani. Ndugu zangu, Mtume mwenyewe aliamrishwa ashauriane na watu wake, katika Kurani, sura ya Al Imran aya ya 159: ukishaazimia, ndipo umtegemee Mungu. Sisi ni nani tuingie ndoa, kazi au safari bila kumuuliza mtu mzima hata mmoja? Iswali istikhara kabla moyo haujaamua. Uliza watu wanaoweza kukwambia hapana. Andikianeni, hata mkiwa ndugu.

Mwaka huu nimeitiwa kazi yenye mshahara mzuri. Niliswali, nikawauliza wawili waliowahi kufanya kazi pale, nikausoma mkataba mstari kwa mstari. Sikuota kitu. Nilichokisikia na nilichokisoma vilitosha, nikakataa, na usiku ule nililala fofofo.

Dada yule nimemjibu kwa swali: mchumba umemuulizia kwa nani? Akasema bado, alikuwa akingoja ndoto. Nimemwomba aombe wiki mbili, amtume mjomba wake akaulize msikitini anaposwali huyo kijana, na kazini kwake, na kwa majirani. Istikhara aendelee nayo. Jana usiku ameniandikia kwamba mjomba amekubali kwenda.