Usimwulize Mnunuzi Bei: Nilivyojua Thamani ya Yamaha ya Mjomba

Juzi msomaji mmoja wa Kayole aliniandikia: "Kaka, nina gita la zamani la Kijapani, nimeambiwa elfu sita. Niuze?" Hakutaja modeli wala hakutuma picha. Nikamuuliza, aliyekuambia elfu sita ni nani? Akasema ni yule yule anayetaka kulinunua. Swali la aina hii limekuwa likinifikia tangu nilipoweka picha za gita la Yamaha la marehemu mjomba, kwa hiyo leo nalijibu mara moja kwa wote.

Mjomba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Vihiga. Jioni akimaliza kusahihisha madaftari alipiga omutibo kwa vidole, ule mtindo wa gita wa akina George Mukabi, mpigaji wa zamani wa magharibi mwa Kenya, huku jirani akigonga chupa ya soda kando yake. Alipofariki, gita lilibaki juu ya kabati limefungwa leso. Mkazamjomba alikuwa na shida ya paa, na hakuna mtoto aliyetaka kujifunza. "Litafutie mtu huko Nairobi," akaniambia. "Hata ukileta pesa za mabati kumi, mimi nimeshukuru."

Nikalipeleka duka moja la vyombo vya muziki katikati ya jiji. Jamaa alilitazama kama kuku mgonjwa, akagonga ubao wa mbele kwa kucha, akasema, "Plaiwudi hii, boss. Kuni. Nakupa elfu saba kwa sababu umetoka mbali." Wateja waliokuwapo wakacheka. Kicheko kile bado kinaniuma, sitawaficha. Lakini kuna mtu wa biashara anayenunua kuni kwa elfu saba? Nikalirudisha kwenye begi, nikasema asante, nikatoka.

Kwa plaiwudi hakunidanganya. Lile ni FG-180, modeli ambayo Yamaha ilianza kuitoa mwaka 1966, na ubao wake wa mbele ni wa mti wa sprusi, wa tabaka tabaka. Hilo unalithibitisha kwa kutazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikishuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini ya ukingo, ni mbao nzima. Ukiona tabaka zimebebana, ni plaiwudi. Mbao nzima kwa kawaida huongeza bei. Ila FG hizi zina wapenzi wake hata na plaiwudi yake. Mwanamuziki wa Marekani Country Joe McDonald alipiga FG-150, mdogo wa hii, jukwaani kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969. Na kwa Nairobi hii, Januari na Februari hewa ikikauka, plaiwudi haipasuki ovyo kama mbao nzima.

Kazi halisi iko ndani ya tumbo la gita. Legeza nyuzi, washa tochi ya simu, tafuta kioo kidogo cha mkoba. La mjomba lilikuwa na lebo nyekundu yenye jina la zamani la kampuni, Nippon Gakki, na hilo pekee linakuambia ni kabla ya 1987, maana mwaka huo ndipo kampuni ilipoanza kuitwa Yamaha Corporation. Usikurupuke kwa rangi, lakini. Mwaka 2019 Yamaha ilirudisha lebo nyekundu kwenye magita mapya, na tayari kuna wajanja wanaoyaita ya zamani. Soma pia nchi, kwa sababu FG nyingi zilizofuata zilitengenezwa Taiwan, na wakusanyaji huzilipia pungufu.

Nikapeleka kioo kwenye kile kipande cha mbao kinachoshika shingo kwa ndani. Pale kulikuwa na muhuri uliofifia unaoanza na 45. Fundi mmoja wa Ngara aliyekuwa karibu akasema, basi ni la 1945! Hapana. Wajapani walihesabu miaka ya utawala wa mfalme wao, na enzi ya Showa ilianza 1926. Chukua 45, ongeza 1925, unapata 1970. Hesabu hiyo hiyo hutumika kwa magita mengi ya K. Yairi, watengenezaji wengine wa Japani, hadi 1989 ilipoingia enzi ya Heisei na hesabu ikaanza upya. Takamine za zamani, nazo za Kijapani, ni rahisi zaidi: tarakimu mbili za kwanza za namba ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi.

Baada ya umri, shingo. Mimi hapa ni mkali, kwa sababu watu huanguka hapa hapa. Weka rula ndefu iliyonyooka juu ya freti, vile vyuma vya shingoni, uisukume hadi kwenye daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi tumboni. Ikitua juu ya daraja, pumua. Ikigonga ubavuni mwa daraja, shingo imeanza kuinama. Kisha pima kimo cha uzi mnene juu ya freti ya 12: karibu milimita 2.5 ni raha, ukikaribia 4 utalia na vidole. Kama uzi uko juu na kile kipande cha mfupa kwenye daraja kimeshasuguliwa hadi kinaisha, gita linadai shingo ing'olewe na kupangwa upya. Kwa FG ya plaiwudi, kazi hiyo inaweza kumeza bei nzima ya gita. La mjomba lilikuwa milimita 3 na mfupa bado upo. Nilishangilia peke yangu sebuleni.

Bei? Usitazame bei wanazoomba watu mtandaoni. Mtu anaweza kuomba milioni. Kwenye masoko ya mtandaoni ya Reverb na eBay unaweza kuona zilizouzwa kweli, na hizo ndizo za kuandika. FG-180 ya lebo nyekundu iliyo hai ni mali ya mamia ya dola. Maelfu usiyaote, labda uwe umeshika Yairi ya kiwango cha juu. Geuza kwa shilingi, kisha kumbuka kwamba mnunuzi wa Nairobi angelipa usafiri na ushuru kuliagiza, hilo linakupa nguvu wewe; na kwamba wanunuzi hapa ni wachache, hilo linampa nguvu yeye.

Niliuza kwa 46,000, kwa mpigaji wa Kilimani aliyekaa nalo saa nzima bila kuongea. Mkazamjomba alipoona ujumbe wa M-Pesa alinipigia kuuliza kama nimeibia benki.

Ndugu zangu, tuache uvivu. Tunarithi vitu vya wazee wetu tukavikabidhi kwa mtu wa kwanza anayetabasamu. Anayetaka kununua si mthamini wako! Mwenye duka analisha watoto wake, na wewe una wako. Washa tochi, soma lebo, pima, andika, kisha ndipo useme bei, uitaje wewe kwanza.

Na tafadhali, usimpe fundi alipige msasa na vanishi "liwe jipya" kabla ya kuuza. Nimeona Takamine nzuri ikifanywa hivyo, ikang'aa kama meza ya hoteli, na mnunuzi aliyekuwa njiani akageuza gari. Lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, basi. Mikwaruzo iache. Kama funguo za kukazia nyuzi zimekufa na lazima zibadilishwe, chagua zinazoingia kwenye matundu yale yale bila kutoboa, na zile za zamani, hata zikiwa na kutu, zitie kwenye bahasha uzikabidhi pamoja na gita.