Kwa nini waliopunguzwa kazi hawaandamani

Mkuu, umeuliza inakuwaje watu waliokuwa tayari kugoma kwa ajili ya posho tu wanaachishwa kazi kwa mkupuo halafu hakuna anayeingia barabarani. Nimepitia hayo. Kiwanda kilileta mitambo, idara yetu ya ufungashaji ikafungwa, na mimi nilikuwa mjumbe wa tawi la chama cha wafanyakazi.

Ukiwa kazini, ukigoma mwajiri anapata hasara siku hiyohiyo. Kibarua kikishaota nyasi, utamgomea nani? Halafu sisi tulikuwa tunajadiliana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wakati wa kupokezana zamu. Pale ndipo chama kilipoishi, si kwenye ile ofisi yenye mhuri. Geti lilipofungwa tukatawanyika. Barua nazo zilikuja kila moja na hesabu yake ya kiinua mgongo, kwa hiyo swali la kwanza likawa "wewe wamekupa ngapi?" Aliyepata zaidi akanyamaza, aliyepunjwa akaanza kuwashuku wenzake.

Kilichotumaliza zaidi ni wale wachache waliobakizwa. Ukiona mwenzako kabaki, unaanza kutafuta kasoro yako: nilichelewa lini, nilimjibu vibaya msimamizi gani? Msemaji wetu mkubwa wa mikutanoni alikuwa akituona kwa mbali anakata kona. Mtu anayejilaumu hivyo humpati kwenye maandamano.

Wala si sisi tu. Huko Marienthal, kijiji cha Austria, kiwanda cha nguo kilifungwa kati ya 1929 na 1930, karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Watafiti waliofika miaka ya mwanzo ya 1930 walikuta watu wamepoa badala ya kuwaka. Vitabu vya maktaba viliazimwa kidogo kuliko zamani, ingawa muda wa kusoma ulikuwa tele. Wanaume walitembea polepole, wakisimamasimama njiani. Shughuli za siasa zilidorora, lakini kuchongeana kwamba fulani anapokea msaada huku ana kibarua cha pembeni kukaongezeka. Hapo nilijiona mwenyewe! Hasira haipotei, ila inamwangukia aliye karibu.

Ndiyo maana mwanasiasa akija na jina la mtu wa kulaumiwa, anasikilizwa. Kwetu alikuja mmoja akasema wageni ndio waliotupokonya kazi. Mtambo tuliuona wote ukishushwa, tena baadhi yetu tulisaidia kuushusha, lakini alipigiwa makofi. Mtambo hauna sura, huwezi kuuzomea.

Walioandamana huwa na kitu kinachowashika pamoja. Wanaume wa Jarrow, Uingereza, wapatao 200, walitembea hadi London mwaka 1936 baada ya karakana yao ya meli kufungwa. Baraza la mji lilikuwa nyuma yao. Kazi hawakuipata hata hivyo, nisikudanganye.

Kilichotushika pamoja sisi ni malimbikizo ya malipo ya saa za ziada. Kikundi kidogo kiliendelea kukutana kuyadai, na humohumo tukaanza kuulizana nani anaumwa, nani kapata kibarua wapi, diwani gani tumbane. Sehemu ya madai ililipwa. Kama kwenu barua hazijatoka, kusanyeni namba za simu za kila zamu sasa hivi, na nakala za hati za mishahara, kabla hamjanyang'anywa vitambulisho vya getini.