Maswali ya Wasomaji: Upanga wa Mwanzi na Adabu za Kendo

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mafinga. Vijana wetu kadhaa wamevutiwa na kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa panga za mwanzi, na jioni tunafanya mazoezi katika bwalo la shule, ambalo sakafu yake ni ya saruji. Kwa kuwa panga za kuagiza ni ghali, seremala wetu amejitolea kuchonga panga kutokana na mianzi ya ulanzi, ambayo huku ipo tele. Je, zitafaa? Na je, tunaweza kuanza kupigana tukiwa tumevaa helmeti za pikipiki, wakati tukisubiri mavazi ya kinga?

JIBU: Mwalimu, nakupongeza kwa kuwalea vijana hao, lakini kwa maswali yote mawili jibu langu ni hapana: panga hizo zisimguse mtu, na helmeti za pikipiki zibaki kwa bodaboda.

Upanga wa kendo, yaani shinai, hautokani na fimbo moja. Ni vipande vinne vya mwanzi mkavu vilivyochongwa vikalingana, vikavishwa ngozi kwenye ncha na kwenye mpini, vikafungwa ukanda wa ngozi karibu na ncha, kisha vikakazwa kwa uzi unaopita upande wa mgongo wa upanga. Shinai inapotua mwilini, vipande hivyo hupinda na kuachana kidogo, na sehemu ya nguvu ya pigo huishia humo. Ilipofika karne ya 18, Wajapani walikuwa tayari na upanga wa aina hiyo pamoja na mavazi ya kinga, hivyo wanafunzi wakaweza kupigana kwa dhati bila kuuana. Fimbo nzima ya mwanzi, hata ichongwe na fundi hodari, humfikishia anayepigwa nguvu yote.

Hatari kubwa zaidi ni kibanzi. Kofia ya kendo ina vyuma vya mlalo mbele ya uso, na kibanzi chembamba kilichochomoka kwenye mwanzi kinaweza kupenya kati ya vyuma hivyo na kuingia jichoni. Kwa sababu hiyo kila mwanafunzi hukagua shinai yake kabla ya mazoezi na tena wakati wa mapumziko: huigeuza penye mwanga, akatazama vipande vyote vinne kingo kwa kingo, kisha akahakikisha kwamba ngozi ya ncha haijachanika na uzi haujalegea. Kibanzi kikionekana, upanga hufunguliwa, kikakwanguliwa kwa kisu, mahali pake pakalainishwa kwa msasa na kupakwa mafuta kidogo. Kipande kilichopasuka hutupwa. Kukizungushia selotepu ni kumficha mwenzako hatari inayomkabili. Wakati wa kipupwe, hewa ya huko kwenu inapokauka, ukaguzi huo uwe mkali zaidi.

Helmeti nayo haikutengenezwa kwa kazi hii. Katika kendo hupigwa kichwa, vifundo vya mikono na ubavu, na hudungwa koo. Helmeti huacha wazi koo na mikono, na kioo chake kinaweza kupasuka mbele ya macho.

Hata hivyo, hamna haja ya kukaa bure. Fimbo za seremala zitumike kwa mazoezi ya kupunga upanga hewani, kila kijana akiwa na nafasi ya kutosha mbele na nyuma, na kwa kujifunza mwendo wa miguu: mguu wa kulia mbele, kisigino cha kushoto kimeinuliwa kidogo, nyayo zikiteleza. Wanaoanza huendelea hivyo kwa miezi kadhaa kabla ya kuvaa kinga, wala hawapotezi muda. Kukanyaga kwa kishindo, kama wachezaji wa kendo wafanyavyo wanapopiga, kusifanyike kabisa juu ya saruji, kwa maana kisigino kitaumia. Tafuteni ukumbi wa mbao. Fagieni sakafu pia, kwani kendo huchezwa peku.

SWALI: Mwanangu wa miaka 12 anajifunza kendo na kikundi kimoja hapa Mbeya. Nimemwona akiinama mbele ya ukuta mtupu, na baadhi ya waumini wenzangu wanasema hiyo ni ibada. Aidha, kijana mmoja mkubwa humpiga kwa nguvu hadi mikono inavimba, akidai ndiyo mila ya kendo. Nifanye nini?

JIBU: Mama, kuinama huko ni salamu kwa mahali pa mazoezi, na baadaye wanafunzi huinamiana wao kwa wao, kila mmoja akimwomba mwenzake wafanye mazoezi na kumshukuru wakimaliza. Kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako mtoto humpigia goti mkubwa anapomwamkia, jambo hilo halipaswi kutushtua. Ikiwa dhamiri yako bado inasita, zungumza na mwalimu waziwazi.

La pili ndilo linalonitia wasiwasi. Shirikisho la Kendo la Japani lilieleza mwaka 1975 kwamba lengo la kendo ni kuadilisha tabia ya mwanadamu kwa kanuni za upanga, na hakuna kanuni inayomruhusu mkubwa kumwumiza mdogo. Pigo zuri hukazwa na viganja mara upanga unapogusa, kisha nguvu hukoma hapo hapo. Anayevimbisha mikono ya wenzake hajajua bado kupiga. Katika mashindano, hata anayeshangilia alama yake kwa mbwembwe anaweza kunyang'anywa alama hiyo, kwa sababu amemvunjia heshima mpinzani wake. Kumdunga mtoto koo ndiyo usikubali kabisa, kwani hata Japani wanafunzi wa umri wake hawaruhusiwi.

Mwone mwalimu kabla ya zoezi lijalo, ukiwa na mwanao, mwonyeshe mikono hiyo, na umwombe amtenge na kijana huyo kwa sasa. Mfundishe mwanao pia kwamba kuinua mkono na kusimamisha zoezi, anapoumia au kofia inapolegea, ni haki yake na si utovu wa adabu. Mwalimu akilipuuza hilo, mwondoe mtoto.