Mkono unakataa mchoro

SWALI: Shangazi shikamoo. Nasuka vikapu vya milulu (aina ya nyasi) hapa Kihesa, Iringa. Nachora kwanza kwenye daftari, lakini nikifika katikati mkono unataka kubadili rangi. Niufuate?

JIBU: Marahaba mwanangu. Daftari halijawahi kushika milulu. Nilipokuwa fundi cherehani Mwanjelwa, Mbeya, nilikata gauni la bibi harusi kwa vipimo alivyoniletea, ingawa roho ilisita pale begani. Alipolivaa, bega likaning'inia kama si lake. Siku hizi mkasi ukisita nauweka chini, nanywa chai, narudi. Kikapu cha oda, mpigie kwanza mwenye hela (wengine wakali!). Cha kwako, badili. Suka mzunguko mmoja tu, ukiangalie kwa mbali. Milulu ikiwa bado na unyevu, unafumua bila kuikata.